Kombe la Wino Mweusi

Nzai aliletwa Majoreni akiburutwa kwa kamba ya usumba wa nazi kama ng'ombe aliyekataa zizi, na damu ya kipajini ilikuwa imeshamziba jicho moja. Nyuma yake walikuja wanaume na fimbo, nyuma ya wanaume watoto, na nyuma ya watoto mbwa, maana kijiji kikipata wa kumpiga hakuna anayebaki nyumbani.

Mwanamkuu alikuwa uani kwake, mikono imo ndani ya pipa hadi viwiko, akikoroga rojo la matanga ya mashua. Alisikia kelele zikipanda kutoka njia ya Vanga, akadhani ni vijana wa vyama. Mwaka ule wa sitini na tatu kelele zilikuwa chakula cha kila siku. Huyu anataka majimbo, yule hayataki. Huyu anataka Mwambao ujitenge, yule anasema Mwambao na bara ni kitu kimoja. Na wote wawili, kabla hawajaeleza wanamaanisha nini, wameshachomoa mapanga. Uhuru ulikuwa njiani unakuja, na watu walikuwa wakiutandikia mkeka kwa kutoana damu. Kwa hiyo Mwanamkuu hakuinua kichwa. Rojo halina subira: ukiliacha kidogo linatuama chini, na karatasi inatoka na mabonge.

Kijiji kizima kilimcheka kwa kazi hiyo. Karatasi zimejaa dukani kwa Mhindi, nyeupe, zimenyooka, na yeye anaokota matanga yaliyooza na kamba zilizokatika, anavilowesha katika maji ya chokaa, anavitwanga kinuni mpaka visahau kuwa viliwahi kwenda baharini, kisha anakaa kuchota rojo lile kwa chekecheke la mraba alilolifuma kwa chelewa za mnazi. Maji yakishavuja unabaki utando mwembamba. Anaubandika ukutani ukauke, anaupaka uji wa mchele, anausugua kwa kauri mpaka unang'aa. Kutwa nzima, karatasi chache za kushikwa mkononi. "Mwanamkuu atakuuzia tanga la babu yako umwandikie mkeo talaka," wanaume walitania. Yeye aliwajibu kwamba karatasi ya dukani hupakwa gundi ya mifupa, na mfupa hauna jina: huenda ni wa ng'ombe, huenda ni wa nguruwe, na wewe umeiandikia Yasini. Hapo wachekaji walinyamaza, wakawa wanakuja kununua za kwake kimyakimya.

Mumewe, Mwalimu Suleiman, ndiye aliyefundisha chuo pale kijijini, na ndiye aliyeandika hirizi, barua za posa na makombe. Yeye aliandika, mke alitengeneza vya kuandikia. Wino alipika wa aina mbili, wote mweusi, kila mmoja katika kifuu chake. Wino wa karatasi ulikuwa wa masizi ya taa na gundi ya mgunga, na ndani yake alisaga mrututu, lile jiwe la buluu ambalo watu hulipaka kwenye vidonda ndugu, ili mchwa na kombamwiko wasile karatasi. Mdudu akionja mara moja, haonji tena. Wino wa kombe ulikuwa wa mchele uliokaangwa ukawa makaa, ukasagwa kwa marashi. Huo ni wa kunywewa. Mgonjwa, mwenye hofu, mwenye kushukiwa, huandikiwa aya katika sahani, aya zikafutwa kwa maji, na maji yale akayanywa. Wengine huandika kwa zafarani, lakini zafarani mwaka ule ilikuwa adimu kuliko ukweli.

Na gundi ya mgunga aliletewa na nani? Na huyo huyo Nzai. Alikuwa Mduruma wa upande wa Kinango, mchungaji, mrefu, mtu wa maneno machache. Kila aliposhuka pwani na mbuzi wa kuuza alimletea Mwanamkuu kifurushi cha gundi, akakiweka kizingitini, akasema, "Shikamoo Mama, hii safari hii ni safi," akaondoka. Kwa hiyo Mwanamkuu aliposikia mtu akipiga kelele uwanjani, "Mduruma! Mduruma amepatikana!" moyo ulimlipuka. Aliitoa mikono ndani ya pipa, akakimbilia mbele ya nyumba huku rojo likimdondoka.

Mbele ya nyumba ndipo palipokuwa uwanja wa chuo. Walikuwa wamemtupa Nzai hapo, na juu yake amesimama Zahoro. Huyu Zahoro alikuwa mtu wa mashua na minazi, mtu mpole siku zote, mtu wa kuwatangulia hata watoto kwa salamu. Lakini jana alasiri alikuwa amemzika mwanawe Masudi, aliyekutwa karibu na kisima cha njia ya Vanga, shingo imekatwa kwa panga. Upole wake ulizikwa pamoja na kijana yule.

"Sema!" Zahoro alisema. "Sema ulivyomwua mwanangu."

"Sikumwua, Bwana. Wallahi sikumwua," Nzai akajibu. Aliapa kwa kiapo chao akidhani kitamsaidia.

Makame, mpwa wa Zahoro, alimpiga mpini wa jembe mdomoni. Mwanamkuu alisikia meno yakivunjika. Sauti ile ndogo ilimkata maini kuliko makelele yote.

Sababu ya kumshika Nzai ilikuwa nini? Masudi na Nzai waligombana kisimani. Masudi alimpiga teke mbuzi wa Nzai, na Nzai akamwambia, "Utajuta." Neno moja. Kwamba Masudi alikuwa mpenda mikutano, kwamba siku hizo hizo alirudi kutoka mkutano wa Lunga Lunga na mkono uliochanika, akiapa kwamba atakwenda kulipiza, hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja. Wale wa mkutano walikuwa wengi na walikuwa na watu wa kuwatetea. Nzai alikuwa mmoja, na kwao ni mbali. Mnyonge hana haki, walisema wazee, na Majoreni siku ile ilitaka kuhakikisha kwamba wazee hawakusema uongo.

"Mpelekeni polisi," bibi mmoja akasema.

"Polisi gani?" Makame alimgeukia. "Daraja limekwenda na mvua. Na bwana shauri mwenyewe anafunga masanduku arudi kwao Ulaya. Polisi ni sisi."

Fimbo ziliinuka. Hapo Mwalimu Suleiman alitoka nyumbani na kofia yake nyeupe, akaingia katikati yao bila kitu mkononi. Alikuwa mtu mwembamba, sauti yake ndogo, lakini nusu ya wale wanaume walijifunza alifu kwake, na hofu ya bakora ya chuo haimtoki mtu hata akiota ndevu.

"Mkimwua bila ya haki, damu yake itawakaa shingoni mpaka Kiyama," alisema. "Ngojeni. Tumnyweshe kombe. Akiwa ana kosa, litamshika tumboni hapa hapa mkiona. Akiwa hana, litapita kama maji mengine, na mtamwachia aende zake. Mwakubali?"

Zahoro alishusha fimbo. "Nakubali," alisema. "Kombe halina upendeleo."

Nzai aliinua kichwa, akatema damu. "Mwalimu, sisi kwetu kiapo chetu ni kula kiraho," alisema. "Lakini hata hilo lenu nitalinywa. Sina ninachokiogopa. Mtoto wenu sikumgusa."

Mwanamkuu, kule kizingitini, alimtazama mumewe akampenda upya, kama siku alipoletwa kwake akiwa bibi harusi. Aliona amemwokoa mtu. Alirudi uani kunawa, kwa kuwa chokaa ilikuwa imeanza kumla ngozi ya mikono, akaliziba pipa, akajifunga leso vizuri. Akili yake ilitulia kabisa. Mtu asiye na kosa hanywi kombe likamdhuru.

Aliporudi mbele, mumewe alikuwa ameshaketi kwenye mkeka, sahani nyeupe mapajani, kalamu ya mwanzi mkononi, anaandika. Watu walikuwa wamemzunguka wamebanana, jasho na pumzi zao juu yake.

"Jaza, Mwalimu," Zahoro alisema. "Isibaki nafasi hata ya nzi kutua."

Mwalimu alijaza. Aliandika duara juu ya duara mpaka sahani ikawa nyeusi. Kisha akamimina maji, akafuta kwa kidole. Maji yaligeuka meusi, lakini maandishi hayakutoka yote. Alisugua, akasugua tena, na bado herufi zilionekana, mistari ya kijivu iliyong'ang'ania sahani.

"Maneno yamekataa kufutika!" mtu akapiga kelele. "Yameona muuaji!"

Uwanja mzima ulisisimka. Mwalimu alimimina yale maji kwenye bakuli, mengine yakamwagikia kanzuni. Wakamfungua Nzai mkono mmoja. Alikunywa kwa pupa, mafunda makubwa, kama mtu anayekimbilia kumaliza shida. Nusu ya bakuli akasimama, akakunja uso.

"Mwalimu," alisema, "mbona yanakata ulimi?"

"Haki ni chungu!" Makame akajibu, na watu wakacheka.

Mwanamkuu hakucheka. Alikuwa anaitazama sahani. Wino wa mchele hauna ubishi: ukiupulizia tu maji, huo umekwenda. Hajawahi kuuona ukishika sahani. Wino unaoshika ni mwingine, ni ule aliouwekea gundi na mrututu ili ushike. Aligeuka akaingia ndani mbio, mpaka kwenye kibago cha mumewe, kile kigoda cha kuwekea vifuu vya wino. Kifuu cha wino wa kombe kilikuwa kikavu, masalio yamekauka yakapasuka kama tope la kiangazi. Hapo akakumbuka kwamba yeye mwenyewe alimwambia mumewe, umekwisha, nitakaanga mwingine. Kifuu cha wino wa karatasi kilikuwa wazi, kimebaki tupu, na kingo zake zimelowa.

Alielewa yote mara moja. Suleiman alikwishawaahidi watu kombe. Aliingia ndani akakuta wino hakuna, na nje fimbo zinangoja. Angetoka aseme, "Ndugu zangu, subirini mke wangu akaange mchele"? Aliona haya. Akajiambia wino ni wino, maneno ndiyo yenye kazi. Haya ya mwanamume! Haya ya dakika moja, na mtu amekunywa sumu ya mchwa.

Alipofika tena mlangoni, Nzai alikuwa amepiga magoti anatapika. Yalimtoka matapishi ya rangi ya majani mabichi yaliyochanganyika na damu ya meno yake, akajikunja ameshika tumbo, akalia kwa sauti ambayo Mwanamkuu hakujua kama mtu mzima anaweza kuitoa.

Zahoro hakukurupuka. Ukweli usemwe, alimgeukia mwalimu kwanza. "Mwalimu," aliuliza, "kombe limesema?"

Mwalimu Suleiman aliitazama sahani. Akayatazama yale matapishi ya kijani. Akainua macho akamwona mkewe mlangoni na kifuu kitupu mkononi, na macho yao yakakutana, na Mwanamkuu akaona kwamba anajua. Kisha akainamisha kichwa.

Hakusema ndiyo. Lakini kichwa cha mwalimu kikiinama, nani ataulizia ndiyo? Fimbo ya kwanza ilikuwa ya Zahoro, ikampata Nzai begani. Ya pili ya Makame, ikampata kisogoni. Baada ya hapo hazikuwa na wenyewe. Walimpiga kwa mipini, kwa magongo ya makuti, kwa makafi ya mashua. Walimpiga mbavu zikalia. Mwanamume mmoja ambaye Nzai alimuuzia mbuzi wa akika kwa mkopo alikuwa anampiga kwa kiatu na kulia, akilia kwa uchungu wa Masudi, na hakuacha kupiga. Vumbi liliinuka. Watoto waliokota mawe.

"Acheni!" Mwanamkuu alipiga kelele. "Acheni! Ni wino! Si yeye, ni wino!"

Nani atamsikia? Alijitupa katikati. Kafi lilimshukia begani, mkono wa kushoto ukafa ganzi, lakini alifika. Alimlalia Nzai juu, na kwa kuwa yeye ni mke wa mwalimu fimbo zikasita.

"Huu si wino wa kombe," alisema akihema. "Ni wino wangu wa karatasi. Una mrututu. Mrututu! Hata ng'ombe akiunywa atatapika. Mwamwua mtu bure!"

Zahoro alifuta jasho kwa mkono, mkono ukamwachia damu ya Nzai usoni. "Mwalimu, ni kweli asemavyo mkeo?"

Hapa Suleiman alikuwa na nafasi. Mwanamkuu alimtazama, akamwomba kwa macho, akamwomba kwa kila kitu walichowahi kuwa. Sema tu. Aibu ya leo, kesho watu watakuwa na lingine la kusema. Lakini mwalimu aliwatazama wanafunzi wake wa zamani waliosimama na fimbo zenye damu, akaona kwamba akisema, fimbo zile zina pa kwenda.

"Mke wangu ana huruma nyingi," alisema.

Katika miaka yote ya ndoa yao Mwanamkuu hakuwahi kumchukia. Alimchukia pale pale, chuki iliyokamilika, wala hakuwa na wakati wa kuishughulikia. Bakuli lilikuwa bado mkekani na nusu ya maji meusi. Alilichukua.

"Basi tazameni," alisema. "Mimi nimemwua nani?"

Akanywa. Ladha yake ilikuwa ya senti ya shaba iliyokaa kinywani, ikamkwaruza koo, ikateremka ikiunguza. Alisimama bakuli mkononi, wote wakimtazama, huku Nzai akivuta pumzi yenye mapovu. Kisha tumbo lake likajikunja kama nguo inayokamuliwa. Alianguka kwa magoti akatapika, kijani kile kile, mbele ya miguu ya Zahoro.

Alidhani amewaonyesha. Maskini Mwanamkuu! Alijua wino, hakujua watu.

"Limemshika naye!" Makame alinguruma. "Mmeona? Kombe limemshika naye! Si ndiye aletewaye mizigo na Mduruma? Si ndiye aliyekuwa akimtetea? Walikuwa pamoja!"

Ikawa ndiyo. Kila mtu aliona ni ndiyo, na waliona haraka, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko ile kweli ya wino. Mwanamkuu alivutwa leso ikamtoka kichwani. Mtu alimpiga kofi, mwingine akamtemea mate. Wakamfunga kwa ile ile kamba ya usumba, mgongo kwa mgongo na Nzai, na yeye akiendelea kutapika juu ya kifua chake mwenyewe. Mwalimu Suleiman alisema, "Jamani, jamani," kama mtu anayefukuza kuku.

Nyuma yake Mwanamkuu alimsikia Nzai akinong'ona. "Mama."

"Nipo, mwanangu."

"Mbodze yuko na mbuzi kwa Chome. Mtu amwambie asije huku." Mbodze alikuwa mkewe, na Chome mwenyeji wao kila waliposhuka pwani.

"Tutamwambia. Tulia."

Kelele zilikuwa zimefika nyumba ya msiba. Wanawake waliokuwa wakikaa matanga walitoka, na mbele yao alikuwa Asiya, mama wa Masudi, kanga mbili nyeusi, macho yamevimba kwa kulia usiku kucha. Wanaume walimpisha njia. Huwezi kumzuia mama aliyefiwa.

"Mwafanya nini na Mwanamkuu?" aliuliza.

"Ni muuaji," Makame akasema. "Kombe limemshika, Mama. Wote wawili limewashika."

Asiya alimtazama Mwanamkuu. Walikuwa majirani tangu usichana wao. Mwanamkuu ndiye aliyempokea Masudi siku aliyozaliwa, akampigia vigelegele.

"Dada Asiya," Mwanamkuu alisema, na mate yalikuwa yakimchuruzika, "naapa kwa Mola wangu, hilo si kombe. Wino ulikosewa. Kila atakayelinywa litamshika. Kama wasema lamkamata muuaji wa Masudi, linywe wewe. Wewe ndiwe uliyemzaa."

Uwanja uliguna. "Astaghfirullah!" mtu akasema. Zahoro aliinua fimbo amtwange Mwanamkuu usoni kwa kufuru ile, na Asiya akaishika fimbo ikiwa juu. Hakuivuta. Aliishika tu, akamtazama mumewe mpaka akaiachia.

"Nataka kumjua aliyemwua mwanangu," alisema. "Sitaki wa kubahatisha. Nipeni bakuli."

"Asiya, usi..."

"Nipeni."

Yalibaki mafunda machache. Aliyanywa yote, akafuta midomo kwa ncha ya kanga, akaketi chini mchangani. Wakangoja. Sijui kama kuna kitu kibaya kuliko kumngoja mama aliyefiwa atapike. Waliokuwa pale waliinamisha macho, hata Makame. Zahoro alikuwa akisoma kitu kwa midomo, akimwomba Mungu mkewe asitapike, na hakujua anamwombea nani.

Asiya akajishika tumbo. Akainama mbele, akatapika, na yalikuwa ya kijani.

Alipopata pumzi aliinua uso. "Haya," alisema. "Semeni. Makame, sema wewe, wewe ndiye msemaji. Mimi nimemkata Masudi shingo? Zahoro, nifunge na mimi!"

Fimbo moja ilianguka, kisha nyingine, kisha nyingi pamoja. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Wanawake walikimbia kumfungua Mwanamkuu, na kamba ilipolegea Nzai alianguka upande, uzito wote, uso mchangani, wala hakuuweka mkono kujizuia. Mwanamkuu alikuwa amehisi mgongo ule ukimwelemea kwa muda, akadhani anapumzika.

Walimgeuza. Alikuwa amekufa.

Makame ndiye wa kwanza kupata sauti, maana watu kama yeye hawakosi sauti. "Ni mwalimu!" alisema. "Mwalimu ndiye aliyemwua! Alituandikia sumu!" Na mpini ule ule, haujakauka, ukainuka kwa kutafuta kichwa cha Suleiman, na wengine wakaanza kuinama kuokota fimbo zao. Mwalimu hakukimbia. Alikuwa ameketi palepale mkekani akilia kwa sauti.

Mwanamkuu alisimama mbele yake. Hakusimama kwa mapenzi; hayo yalikuwa yamekwisha saa ile.

"Mpige," alimwambia Makame. "Lakini ujue, yeye alikosea wino, na akanyamaza, na kwa Mungu atajibu. Hakuna fimbo aliyoshika. Za kwenu nimezihesabu mwilini mwa huyu marehemu, na moja imenipata na mimi. Maji ya mto yakishuka nakwenda polisi Msambweni kwa miguu yangu. Nitamtaja mume wangu kwanza, kisha nitawataja nyinyi. Sasa piga, kama wataka niongeze."

Makame akashusha mpini. Baadhi yao walianza kuondoka kwa kupitia nyuma ya nyumba.

Hapo ndipo Mbodze alipotokea kwenye njia, akikimbia, mtoto mgongoni. Hakuna aliyewahi kumwambia asije. Alipofika aliona watu wakiachana, akaona kilichopo kati, akakaa chini akakiweka kichwa cha mumewe mapajani. Hakupiga ukemi. Alimtoa mchanga puani kwa kidole, polepole, kama anavyosafishwa mtoto mchanga. Kisha akauliza, bila kumtazama yeyote, "Nani atanibebea mume wangu?"

"Leteni jeneza la msikitini," Asiya alisema.

Mzee mmoja wa msikiti, mtu mwema wala si mbaya, alikohoa. "Mama Masudi," alisema kwa upole, "jeneza lile ni la Waislamu. Huyu si mwenzetu."

Asiya alisimama, akijishika kwa bega la Mwanamkuu, wote wawili kanga zimelowa matapishi.

"Alipokuwa hai mlimnywesha maneno ya Mungu," alisema, "mkasema yanamjua. Sasa ni maiti, ndiyo mmekumbuka kwamba si mwenzenu?"

Mzee yule akageuka, akaenda mwenyewe msikitini. Baadaye jeneza likaja, lile lile lililombeba Masudi jana, na likatandikwa kanga ya Asiya. Zahoro alisogea kushika mguu wa mbele. Mbodze aliiangalia mikono ya kanzu yake, ilivyokuwa myekundu hadi viwikoni, akasema, "Huyu asimguse."

Zahoro akarudi nyuma. Wakabeba wengine, na wanawake wakaingiza mabega pale wanaume walipopungua, jambo ambalo Majoreni haikuwahi kuliona. Mwanamkuu alibeba kwa bega lake zima. Kila baada ya hatua kadhaa alisimama kando ya njia akatapika, akajifuta, akarudi mahali pake chini ya jeneza, na safari ya kumrudisha Nzai kwao Kinango ikaendelea.